Makato ya uzeeni yapanda, lakini ni nani huchagua fedha zinakowekezwa?

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2023, mfanyakazi wa Kenya alikatwa Sh200 pekee kila mwezi kwa ajili ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), awe mlinzi au meneja wa benki. Tangu Februari 2026, ilipoanza awamu ya nne ya nyongeza zilizowekwa na Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, mfanyakazi anayepata mshahara wa Sh108,000 au zaidi hukatwa Sh6,480, na mwajiri wake hulazimika kuongeza kiasi kama hicho. Makato yameongezeka zaidi ya mara 30 katika muda wa miaka mitatu.

Mjadala ambao umetawala tangu Mahakama ya Rufaa ilipofungua njia ya kutekelezwa kwa sheria hiyo mnamo Februari 2023 umehusu zaidi ukubwa wa makato na uzito wake kwa mshahara ambao tayari unakatwa kodi ya mapato, bima ya afya na ushuru wa nyumba. Swali la pili limezungumzwa kwa nadra: baada ya fedha hizo kukatwa, huwekezwa wapi, na mwenye fedha ana sauti gani katika uamuzi huo?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Mfanyakazi mwenye umri wa miaka 30 leo ana miaka 30 zaidi ya kuchangia kabla ya kufikia umri wa kustaafu wa miaka 60. Katika kipindi kirefu kama hicho, mahali fedha zinapowekwa huweza kuwa na uzito kuliko kiasi kinachokatwa.

Makundi mawili ya fedha

Sheria hiyo iligawa mchango wa kila mwezi katika sehemu mbili. Ya kwanza ni asilimia sita ya mshahara hadi kiwango cha chini, ambacho katika awamu iliyoanza Februari 2026 ni Sh9,000. Sehemu hii, yaani Sh540 kutoka kwa mfanyakazi na Sh540 kutoka kwa mwajiri, lazima ipelekwe NSSF.

Sehemu ya pili ni asilimia sita ya mshahara uliozidi kiwango hicho hadi kikomo cha Sh108,000. Hapa ndipo penye fedha nyingi, kwani inaweza kufikia Sh5,940 kutoka kila upande. Sheria inamruhusu mwajiri kuomba idhini ya Mamlaka ya Kusimamia Malipo ya Uzeeni (RBA) ili sehemu hiyo ya pili ipelekwe katika mfuko wa pensheni wa kampuni au mfuko mwingine wa kibinafsi uliosajiliwa, badala ya NSSF.

Ombi hilo hutolewa na mwajiri, wala si mfanyakazi mmoja mmoja. Kutokana na hali hiyo, wafanyakazi wengi hawajui sehemu yao ya pili iko wapi. Wapo wanaodhani kwamba fedha zote ziko NSSF ilhali mwajiri alihamisha sehemu ya pili zamani, na wapo wanaoamini kwamba kampuni yao ina mfuko wake ilhali hakuna. Hatua ya kwanza kwa kila mfanyakazi, kabla ya kuzungumzia hisa au hatifungani, ni kuuliza ofisi ya rasilimali watu swali hilo moja na kupewa jibu kwa maandishi.

Kundi la tatu ni la hiari. Mfanyakazi anaweza kuongeza mchango katika mfuko wa mwajiri au kufungua akaunti katika mfuko wa pensheni wa mtu binafsi. Mfanyabiashara wa Gikomba, mwanasheria anayejitegemea na fundi wa magari wa Industrial Area wote wanaruhusiwa kufanya hivyo. Katika kundi hili mchangiaji ana uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua.

Kodi iliyosamehewa ni faida ya kwanza

Kabla ya kulinganisha vitega uchumi, ni muhimu kuelewa faida ambayo mchangiaji hupata siku ileile anayoweka fedha. Sheria ya Marekebisho ya Kodi ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba mwaka huo, iliongeza kiwango cha mchango wa pensheni kisichotozwa kodi ya mapato kutoka Sh20,000 hadi Sh30,000 kwa mwezi, mradi kiasi hicho kisizidi asilimia 30 ya mshahara. Makato ya NSSF huhesabiwa ndani ya kiwango hicho.

Kwa mfano, mfanyakazi mwenye mshahara wa Sh100,000 huchangia NSSF Sh6,000. Amebakiwa na nafasi ya Sh24,000 ambazo zinaweza kuingia katika pensheni bila kodi. Akiamua kuongeza Sh10,000 kwa hiari, fedha hizo zingetozwa kodi ya asilimia 30 chini ya ngazi za kodi zilizoanza kutumika Julai 2023. Kwa kuziweka katika mfuko uliosajiliwa, anaepuka kodi ya Sh3,000. Mfuko wake umepokea Sh10,000, lakini kipato anachorudi nacho nyumbani kimepungua kwa Sh7,000 tu.

Aidha, mapato ya mfuko uliosajiliwa hayatozwi kodi yanapoendelea kukua, na marekebisho hayohayo ya 2024 yaliondoa kodi katika malipo anayopokea mwanachama anapofikia umri wa kustaafu. Ni vigumu kupata kitega uchumi kingine nchini ambacho kimesamehewa kodi wakati wa kuingia, wakati wa kukaa na wakati wa kutoka.

Hata hivyo, msamaha huo una gharama yake, nayo ni kufungwa kwa fedha. Mwanachama hawezi kuzichukua atakavyo kama akiba ya benki au ya chama. Anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu huruhusiwa kuchukua sehemu tu, na iliyobaki husubiri. Kwa hiyo mfanyakazi asiye na akiba ya dharura ya miezi mitatu au minne hana budi kuijenga kwanza kabla ya kukimbilia kujaza nafasi ya Sh30,000. Mtu anayefungia fedha zote uzeeni kisha akakopa kwa simu kwa riba kubwa mtoto anapougua, hajapata faida yoyote.

Hakikisho au soko?

Anayefungua akaunti ya pensheni ya mtu binafsi hukutana mara nyingi na chaguo kuu moja: mfuko wenye hakikisho au mfuko unaofuata soko.

Mfuko wenye hakikisho huendeshwa na kampuni ya bima. Kampuni huahidi kwamba mtaji hautapungua na kwamba kuna kiwango fulani cha chini cha faida kitakacholipwa kila mwaka. Mwaka ambao soko limefanya vizuri, kampuni hutangaza faida kubwa kidogo lakini huweka sehemu ya ziada kama akiba yake ya miaka mibaya. Mwanachama hulala usingizi, lakini analipia usingizi huo kwa kukosa sehemu ya faida ya miaka mizuri.

Mfuko unaofuata soko haumfichi mwanachama lolote. Thamani ya hatifungani na hisa ikipanda, akaunti yake hupanda, na ikishuka, hushuka. Wakenya waliokuwa katika mifuko ya aina hii waliyaona yote mawili kati ya 2023 na 2024. Faharasa ya hisa zote katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) ilipungua kwa takribani asilimia 28 mwaka 2023, kisha ikapanda kwa takribani asilimia 34 mwaka 2024.

Hesabu ya miaka hiyo miwili ina funzo. Aliyekuwa na hisa za Sh100 mwanzoni mwa 2023 alibakiwa na Sh72 mwishoni mwa mwaka huo. Ongezeko la asilimia 34 lilimrudisha kwenye Sh96 hivi, kwa hiyo alikuwa bado hajafikia alipoanzia. Lakini aliyehamaki na kuuza mwishoni mwa 2023 aliifanya hasara hiyo kuwa ya kudumu, ilhali aliyeendelea kuchangia kila mwezi alinunua hisa nyingi kwa bei ya chini na kufaidika bei zilipopanda. Mchango wa kila mwezi humlinda mwekezaji wa kawaida dhidi ya kosa la kukisia siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Hatifungani si bandari isiyo na mawimbi

Takribani nusu ya mali ya mifuko ya pensheni nchini, ambayo kwa jumla ilivuka Sh2 trilioni mwaka 2024, imewekwa katika dhamana za serikali. Kanuni za RBA huruhusu mfuko kuweka hadi asilimia 90 humo. Hisa zilizoorodheshwa sokoni zina kikomo cha asilimia 70, mali isiyohamishika asilimia 30 na vitega uchumi vya nje ya nchi asilimia 15.

Sababu ya kupendelea hatifungani iko wazi. Mnamo Februari 2024, serikali ilipokuwa ikihitaji fedha kwa dharura na shilingi ikiwa imeshuka hadi karibu Sh160 kwa dola moja wiki chache kabla, Benki Kuu ya Kenya (CBK) iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye riba ya asilimia 18.46 bila kodi. Wawekezaji waliingia kwa kishindo na serikali ikachukua takribani Sh241 bilioni.

Wakati huo haukudumu. Riba ya dhamana za siku 91, ambayo ilikuwa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10 mwanzoni mwa 2025. Kiwango cha msingi cha riba cha CBK, kilichokuwa asilimia 13 hadi Agosti 2024, kilipunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia tisa mnamo Desemba 2025. Aliyeweka fedha zake zote katika dhamana za muda mfupi alijikuta kila baada ya miezi mitatu akiziwekeza upya kwa riba ndogo zaidi. Aliyefunga riba kubwa kwa miaka mingi aliendelea kuipata.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachosahaulika. Riba zinapopanda, hatifungani za zamani hupoteza thamani sokoni. Hatifungani ya miaka kumi yenye riba ya asilimia 12 itauzwa kwa takribani Sh85 kwa kila Sh100 iwapo soko limeanza kudai asilimia 15. Serikali haijashindwa kulipa, wala mwenye kuishikilia hadi mwisho hajapoteza mtaji wake, lakini anayelazimika kuuza siku hiyo amepoteza. Ndiyo maana anayekaribia kustaafu hapaswi kuwa na hatifungani za miaka 20 pekee, hata kama mkopaji ni serikali.

Kuna jambo jingine la kuzingatia kwa anayechagua mwenyewe. Hatifungani za miundombinu hupendwa kwa sababu riba yake haitozwi kodi. Lakini mfuko wa pensheni uliosajiliwa tayari umesamehewa kodi, kwa hiyo msamaha huo hauuongezei kitu. Anayenunua dhamana kwa jina lake kupitia mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu ndiye anayefaidika zaidi na msamaha wa hatifungani za miundombinu. Meneja wa mfuko wa pensheni anapaswa kutazama riba peke yake, na kuchukua hatifungani ya kawaida iwapo inalipa zaidi.

Hisa, na kumbukumbu chungu

Wakenya wengi wana sababu ya kuogopa hisa. Walionunua Safaricom kwa Sh5 mwaka 2008 waliona bei ikishuka chini ya bei hiyo, ikapanda kupita Sh40 mwaka 2021, kisha ikaporomoka hadi karibu Sh12 mwishoni mwa 2023. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025. Wenye hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias waliona kampuni iliyowahi kuwa fahari ya magharibi ya nchi ikiwekwa chini ya mrasimu.

Funzo la matukio hayo ni kwamba uzee wa mtu usitegemee kampuni moja, wala haimaanishi kwamba hisa zote ni kamari. Mfanyakazi aliye na miaka 25 mbele yake anahitaji angalau sehemu ya fedha zake katika mali inayokua pamoja na uchumi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya fedha taslimu huoza polepole. Mfumuko wa bei ulifikia asilimia 9.6 mnamo Oktoba 2022, na yeyote aliyekuwa akipata riba ya asilimia saba mwaka huo alikuwa akizidi kuwa maskini huku salio lake likiongezeka.

Ploti ya Kitengela

Hakuna mjadala wa uzeeni mjini Nairobi unaokamilika bila ardhi. Kwa wengi, ploti Kitengela, Ruiru au Kamulu ndiyo pensheni halisi, na karatasi za mameneja wa fedha ni maneno matupu. Imani hiyo ina msingi, kwani vizazi viwili vimeona mashamba ya kahawa yakigeuka mitaa ya majumba na bei zikipanda mara nyingi.

Lakini ploti haina msamaha wa kodi wakati wa kununua, hailipi riba ikiwa tupu, na haiwezi kuuzwa robo wakati mgonjwa anahitaji fedha za hospitali. Zaidi ya hayo, hati bandia na ploti moja kuuzwa kwa watu watatu ni balaa inayojulikana na kila msomaji wa magazeti. Ardhi inaweza kuwa sehemu ya maandalizi ya uzee. Haifai kuwa yote. Hali kadhalika vyama vya akiba na mikopo, ambavyo husaidia sana katika ujenzi wa nyumba na karo, hutumiwa na wengi kama dhamana ya mikopo, kiasi kwamba mwanachama huwasili uzeeni akiwa amekwisha kula akiba yake.

Gharama zisizotajwa

Mchangiaji huuliza mfuko ulipata faida gani mwaka jana. Ni nadra kuuliza mfuko hutoza nini. Meneja wa uwekezaji, msimamizi wa hesabu, mtunza mali na wakala aliyemsajili mwanachama, wote hulipwa kutokana na fedha zilezile.

Mtu anayechangia Sh10,000 kila mwezi kwa miaka 25 huwa ameweka jumla ya Sh3 milioni. Fedha hizo zikikua kwa asilimia kumi kwa mwaka, atakuwa na takribani Sh13.3 milioni. Zikikua kwa asilimia nane kwa sababu asilimia mbili zimeliwa na gharama, atakuwa na takribani Sh9.5 milioni. Tofauti ya karibu Sh3.8 milioni ni kubwa kuliko jumla ya mchango wake wote. Mfuko wa gharama ndogo unaweza kumshinda meneja hodari anayetoza ada kubwa, na tofauti na faida ya mwaka jana, gharama hujulikana mapema.

Uchaguzi kwa umri

Kutokana na hayo yote, kanuni chache zinajitokeza. Mfanyakazi aliye chini ya miaka 40 ana muda wa kuvumilia misukosuko. Mfuko unaofuata soko, wenye mchanganyiko wa hatifungani, hisa na kiasi cha vitega uchumi vya nje, una mantiki zaidi kwake kuliko hakikisho. Aliye kati ya miaka 40 na 50 anahitaji kuanza kupunguza sehemu ya hisa kidogo kidogo. Aliyebakisha miaka mitano anapaswa kulinda alichonacho: mfuko wenye hakikisho na dhamana za muda mfupi ndipo mahali pake, kwani mwaka mmoja kama 2023 unaweza kumpokonya kazi ya miaka mingi bila muda wa kurejesha.

Pia ni lazima kujua aina ya mfuko. Katika mfuko wa pensheni, anayestaafu huruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili hutumiwa kumpa kipato cha kila mwezi. Katika mfuko wa akiba huweza kuchukua zote kwa pamoja. Wengi hupenda mkupuo, lakini visa vya wastaafu waliomaliza fedha zao ndani ya miaka michache kwa biashara ya matatu au nyumba isiyokamilika vimejaa katika kila kijiji.

Sauti ya mwanachama

Hakuna uchaguzi wa kitega uchumi utakaomfaa mfanyakazi ambaye mwajiri wake hukata fedha bila kuzipeleka. Tatizo hilo limekuwa sugu, hasa katika taasisi za umma, na RBA imelilalamikia mara kwa mara. Fedha ambazo hazijafika kwenye mfuko hazipati riba wala gawio, na haijalishi meneja ni hodari kiasi gani.

Sheria imempa mwanachama silaha: haki ya kupata taarifa ya akaunti yake kila mwaka, haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mfuko, na haki ya kushiriki kuteua baadhi ya wadhamini. Silaha hizo hutumiwa na wachache. Mikutano mingi huishia kwa chakula cha mchana na fulana, huku maswali kuhusu gharama, michango iliyochelewa na mgawanyo wa vitega uchumi yakibaki mezani.

Makato yalipokuwa Sh200, kutouliza hakukuwa na hasara kubwa. Kwa mfanyakazi na mwajiri ambao kwa pamoja hupeleka hadi Sh12,960 kila mwezi, ukimya umekuwa ghali. Ratiba ya sheria ina awamu tano, na ya tano itakapowadia kiasi hicho kitapanda tena. Serikali imeamua ni kiasi gani Mkenya ataweka kwa ajili ya uzee wake. Uamuzi wa jinsi fedha hizo zitakavyofanya kazi katika miaka 30 ijayo bado uko wazi kwa sehemu kubwa, na asiyeushiriki atafanyiwa na wengine.